Wazamiaji: kisu kimewahi kukuokoa chini ya maji? Tupeane uzoefu

Wakuu, kila nikifunga kisu kabla ya kuzamia, wageni huniuliza kama ni cha kupigana na papa. Hapana. Kazi yake niliijulia Mafia, mita 14 chini, mtungi wangu wa hewa uliponaswa kwenye jarife, wavu mkubwa wa kuvulia, lililoachwa mwambani. Nikawa najigeuza nitazame nyuma, na kila nikijigeuza nyuzi zinazidi kunizonga. Mwenzangu akanishika bega, akaniashiria nitulie, akakata uzi mmoja mmoja kwa uangalifu asiguse mipira ya hewa. Tulipomaliza nikatazama geji ya mtungi: baa 40 za hewa zimekwisha kwa dakika nne, zote kwa hofu. Kisu kilikuwa chake, mimi sikuwa nacho. Sijazamia bila kisu tena.

#2
Nungwi hapa. Nilikuwa nakifunga kwenye shavu la mguu, upande wa ndani ili kisinase. Siku kamba ya dema, mtego wa samaki, iliponifunga magoti sikukifikia kabisa. Sasa nina kisu kidogo, kipo kifuani kwenye jaketi la kuzamia, mkono wowote unakipata.

#3
Kilichonisumbua mimi ni mshipi wa kuvulia, ule wa kusuka. Nailoni ya kawaida ukiikaza inakatika mara moja, ule wa kusuka unateleza tu kwenye makali. Nabeba na mkasi.

#4
Pemba, karibu na Misali, tulimkuta kasa, ng'amba, amezongwa na nailoni shingoni na kwenye kikono, imeshazama kwenye nyama. Kasa naye anahitaji hewa ya juu, kwa hiyo tulimpandisha polepole kwanza avute pumzi. Mwenzangu akamshika gamba, mimi nikapitisha kisu kati ya nailoni na ngozi, makali yakitazama nje. Alikuwa anapapatika kwa nguvu. Kisu changu ni cha ncha butu. Kingekuwa cha ncha kali ningemchoma. Ukiwa unanunua, chukua butu.

#5
Na mkioshe kwa maji yasiyo na chumvi kila mkitoka baharini, ala nayo. Hata chuma cha pua kinashika kutu. Changu kiligoma kutoka kwenye ala nikiwa chini, bahati nzuri nilikitaka kwa kugonga mtungi tu, mwenzangu ageuke.

Mleta mada
Ahsanteni sana. #3, huo mkasi unaufunga wapi?

#3
Mfuko wa kulia wa jaketi, na kikamba kifupi ili usidondoke.