Naomba ushauri: filamu gani ya Ulaya niwawekee washkaji?

Wakuu, habari za wikiendi. Mimi ni mlevi wa sinema, na siku hizi nimehamia Ulaya, kwa macho tu, viza sina.

Nimetazama The Zone of Interest ya Jonathan Glazer, iliyochukua Oscar ya filamu ya kimataifa 2024. Familia ya mkuu wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, inakula raha pembeni ya ukuta wa kambi: mama anatunza maua, watoto wanaogelea. Mauaji huyaoni, unayasikia tu. Usingizi uligoma.

Anatomie d'une chute ya Justine Triet, iliyochukua Palme d'Or (tuzo kuu ya tamasha la Cannes) 2023, nayo kali, ila kesi ya mahakamani imevutwa mno kwa ladha yangu. Iliyonikaa moyoni ni Kuolleet lehdet, filamu ya Kifini ya Aki Kaurismäki. Jamaa anapewa namba ya simu na mwanamke, anaitia mfukoni, mara karatasi inapeperushwa na upepo. Hakuna anayepayuka, na bado inauma. Dakika 81 tu!

Sasa shida: washkaji zangu wamezoea ngumi na magari kulipuka. Wakiona watu wawili wamekaa kimya kwenye kochi, wanauliza kama filamu imeganda.

Jumamosi nianze na hiyo ya Kifini, au Io Capitano ya Matteo Garrone, ya vijana wawili wa Dakar wanaokatiza Sahara kwenda Italia? Halafu wengine maandishi ya Kiingereza yanawaacha njiani. Nisimamishe niwaeleze, au kuna madijei waliowahi kuzitafsiri hizi?