Kufunika boksi faili la mipango ya Krismasi kwa karatasi ya kaki: gundi gani, na mgongo niufanyeje?

Mama Wawili, Uyole

Habari za jioni wadau. Kila Desemba ukoo wetu unakutana kwa bibi, Tukuyu, na safari hii nimebebeshwa mimi uratibu na hela. Mwaka jana michango ilikuwa kwenye daftari, nauli kwenye simu ya shemeji, na nani analeta mchele wa Kyela alijua mama mkwe peke yake. Mwaka huu hapana. Nimechukua boksi faili la zamani, lile la kadibodi ngumu lenye mkono wa chuma ndani, nikaweka vigawanyo: nauli, jikoni, nguo za watoto, zawadi, matembezi ya Kitulo, na cha mwisho ADA ZA JANUARI kwa herufi kubwa, maana kuna watu wakionja soda wanasahau kama shule zipo.

Ndani pamenyooka, sura ndiyo mtihani. Karatasi ya nje imechunika na ina muhuri wa ofisi fulani. Nataka kulifunika kwa kaki, juu nipambe kwa vipande vya kitenge na maua makavu. Kaki nimeshanunua Mwanjelwa, mita mbili. Je, nitumie uji wa ngano kama tulivyokuwa tukibandikia utotoni, au gundi ya dukani? Na pale mgongoni, faili likifunguliwa na kufungwa kila saa, karatasi haitachanika? Mvua za Tukuyu mnazijua wenyewe.

Binti_Mafinga

Dada usijitese. Solotepu ya pande mbili, bandika pembeni pote, kazi imeisha. Mimi nilifunika hivyo faili la kamati ya harusi ya kaka na lilipendeza. Nyunyizia na ile poda ya kumetameta, Krismasi ionekane!

Fundi Jalada, Iringa

Kamwene mama. Mimi ni mjalidi, yaani fundi wa kutia majalada, wa leja na rejista hapa Iringa mjini, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Binti_Mafinga, faili la kamati ya harusi linaishi miezi michache na watu wanalishika kwa adabu. Hili la mama litapanda basi, litaingia jikoni, litashikwa na shangazi mwenye mafuta mikononi. Solotepu inashika kingo tu, katikati kunabaki hewa, na kwenye mkunjo wa mgongo ndipo inapoanza kuachia.

Kabla ya gundi, tafuta nyuzi za karatasi zimelala upande gani. Wengi wanaruka hapa halafu wanalaumu gundi. Mashine ya karatasi huvuta rojo la mti kwenda mbele, na nyuzi nyingi zinalala kufuata mwendo huo. Kwenye kaki utaligundua hilo haraka. Kaki nzuri hutokana na paini, mti wenye nyuzi ndefu, na ndiyo maana kiwanda cha Mgololo, Mufindi, kiko jirani na misitu ya Sao Hill. Kunja karatasi yako kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja italegea kama kitambaa, upande mwingine itakusukuma mkono. Pale inapolegea, mstari wa mkunjo ndio mwelekeo wa nyuzi, na mstari huo lazima uende sambamba na mgongo wa faili. Karatasi ikilowa gundi hutanuka zaidi kwa kukata nyuzi kuliko kwa kuzifuata. Ukiiweka kinyume, mgongo utajaa makunyanzi na jalada litapinda.

Uji wa ngano siukatai, ni gundi ya heshima. Ila una maji mengi, na Tukuyu mwezi wa kumi na mbili utaota ukungu kabla haujakauka vizuri, na mende nao watasherehekea mapema. Chukua gundi nyeupe ya maseremala, iongezee maji kidogo, paka kwa brashi ukianzia katikati kwenda nje. Subiri kama dakika moja karatasi ilegee, ndipo ubandike. Kama faili lako limepakwa plastiki, lisugue kwa msasa kwanza, la sivyo gundi haitashika.

Vipimo pima mwenyewe, lakini faili lenye kimo cha sentimita 32 likifunguliwa hufika upana wa kama 65. Kata 36 kwa 69, upate sentimita 2 za kukunjia kila upande. Anza na mgongo. Wengine hubandika faili likiwa limelala wazi, usifanye hivyo. Likifungwa ndipo ngozi ya nje inavutwa, kwa hiyo libandike likiwa limefungwa, na kwenye ile mifereji miwili ya mgongo isukumie karatasi ndani kwa mpini wa kijiko. Kona zikate mshazari lakini acha milimita 3 hivi kabla ya ncha ya kadibodi, la sivyo itachungulia. Tundu la kidole pamoja na vile vipenyo viwili vya mbele ambamo chuma hupita vifunike tu, gundi ikikauka upasue kwa wembe.

Ndani nako bandika karatasi. Ile ya nje ikikauka husinyaa na kuvuta kadibodi, kwa hiyo inahitaji mwenzake wa kuvutana naye. Kisha weka ubao na matofali mawili juu, usiku kucha. Usilianike juani wala usilisogeze kwenye jiko la mkaa.

Kitenge kipake gundi nyuma, kikikauka ndipo ukate, hakitafumuka. Mapambo manene yakae mbele tu, faili linasukumana na wenzake rafuni. Ile poda ya kumetameta mtaila kwenye pilau.

Mwana_Rungwe

Ndaga dada. Hayo maua makavu naomba yasiwe ya Kitulo. Ile Bustani ya Mungu ni hifadhi ya taifa tangu 2005, maua ni ya kutazama, si ya kuchuma. Mkienda huko Desemba pigeni picha, mchapishe, mbandike. Ya kukausha tafuta uani kwako, yale yenye petali nyembamba, yabane ndani ya kitabu kizito katikati ya magazeti mpaka yakauke kabisa. Juu yake pitisha gundi nyeupe iliyozimuliwa. Waridi zima usihangaike nalo, halilali.

Mama Wawili, Uyole

Asanteni sana. Mwana_Rungwe, maua ni ya uani, ondoa shaka. Fundi, nimekunja kaki sasa hivi: mstari unaolegea unafuata ule urefu wa mita mbili. Upana wake ni sentimita 90. Itanitosha?

Fundi Jalada, Iringa

Itabaki. Ile 36 ichukue kwenye urefu, 69 kwenye upana, hapo unapata vipande vitano. Cha ndani kipunguze kiwe kifupi kuliko jalada kwa nusu sentimita kila upande, na penye chuma kikate kizunguke. Ribiti, zile pini zinazoshikilia chuma kwenye kadibodi, usizing'oe, hazirudi.