Nimepewa usimamizi, wenzangu wa benchi hawaniambii kitu tena

Binti_Mikindani
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nipo Mtwara, kiwanda kidogo cha kubangua korosho, jina naliacha. Nimemenya miaka 6, mwezi jana nikapewa kusimamia chumba kizima, kinamama 28. Nilikaa nao benchi moja. Leo nikiingia tu, maneno yanakatika.

Bosi kanikabidhi daftari la faini. Ukichelewa, umeandikwa. Vipande vikizidi kwenye beseni lako, umeandikwa. Nikaandika wiki mbili. Jumatano beseni la mama mmoja limejaa korosho nzima tupu, nikamsifu mbele ya watu. Jioni nafagia, chini ya benchi nakuta vipande vimefundikwa kwenye kipande cha khanga. Alikuwa anavificha asikatwe. Na vipande vinauzika, jamani!

Nikamwita pembeni. Akasema, "Korosho za wiki hii hazijakaukia kwenye oveni, lile ganda laini limeng'ang'ania, ukilikwangua kwa kisu inapasuka. Tungekwambia, lakini una daftari."

Nimelifungia kwenye droo, bosi hajui. Namwambiaje asione nawatetea wenzangu?

Mama_wa_Lindi
Mwanangu, usiende na habari ya huruma, nenda na mizani. Kila trei ikitoka kwenye oveni itie alama, upime vipande vya trei, siyo vya mtu. Mimi nimebangua hadi mafuta ya ganda yamenila vidole, najua: korosho mbichi hata umpe nani, itapasuka. Ikikauka kupita kiasi nayo inavunjika. Na usimwambie bosi "wafanyakazi wamesema", utamchongea huyo mama.

Mzee_wa_Ghala
Mimi naona mnalegeza. Nasimamia wapakiaji Tandahimba, msimu wa mnada malori yamejipanga, bila ukali gunia halipandi. Ya vipande sawa. Ya kuchelewa je?

Kaka_Rasilimaliwatu
Mzee, ukali siyo kukata hela. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28: kumkata mtu kwa hasara aliyosababisha, lazima kosa liwe lake kweli, aandikiwe sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujibu, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Daftari la dada halina hata sehemu ya kujibu. Dada, wanaochelewa umewauliza?

Binti_Mikindani
Nimewauliza leo. Watatu wananyonyesha, wanarudi nyumbani mchana ndiyo maana.

Kaka_Rasilimaliwatu
Sheria hiyohiyo inawapa hadi masaa mawili ya kunyonyesha kila siku, ndani ya muda wa kazi. Hapo bosi ndiye angeandikwa kwenye daftari, hahaha.

Binti_Mikindani
Mrejesho. Mama wa Lindi, Mungu akuweke. Nilitia alama trei kwa chaki siku 3. Za rafu ya chini ndizo zinazoharibika, za juu zinamenyeka kwa kidole tu. Bosi kaja mwenyewe, kashika mbili tatu, kazivunja, kanyamaza. Daftari kasema lipumzike wiki moja tuone. Ya wanaonyonyesha hajajibu, Jumatatu namkumbusha.

Yule mama leo kaniita nile naye mihogo. Ila sasa fundi wa oveni ndiye kaninunia, hata salamu haitikii.