Krismasi ushago mwaka huu: tunaenda wote, ama tugawane?

FreeArea_Nax (10 Desemba 2020)

Wadau habari za jioni. Naomba mawazo yenu juu ya Krismasi na hii korona, maanake grupu ya familia imeshageuka uwanja wa vita na mimi ndio nimeachwa katikati. Sisi tumezaliwa sita. Mimi niko hapa Nakuru, kaka yetu mkubwa yuko Nairobi, dada Mombasa, wawili wako Kisumu, halafu kitinda mimba yuko nyumbani Vihiga na mama. Mama ana miaka 74, ana sukari na presha, na kila Krismasi tunajazana kwake kuanzia tarehe 23 hadi mwaka mpya. Mwaka jana tulihesabu vichwa 31 kwa ile sebule ya dirisha moja, watoto wamepangwa chini kama viazi.

Nilidhani mwaka huu mama mwenyewe atasema tupunguze. Wapi! Tangu Agosti ananenepesha majogoo sita, kila mmoja amefungwa kitambaa cha rangi yake mguuni, na kila mmoja ana mwenyewe. Wangu ni wa kitambaa chekundu. Jana amenipigia akaniambia jogoo wako amekuwa mzito hata kuruka ua hawezi. Sasa mtu kama huyo unaanzia wapi kumwambia huji?

Kaka mkubwa anasema twende wote, kafyu ni ya saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri na haijakataza mtu kula kuku kwao mchana. Dada naye anasema hakuna kwenda, kila mtu atume kitu kwa M-Pesa tuongee na mama kwa simu ya vidio basi. Na mimi kijana wangu wa Form Four anafunga shule tarehe 23, wanalala bwenini wamebanana, sijui anatoka huko na nini. Nyinyi kwenu mnafanyaje?

Mkulima_Lugari

Boss unajisumbua bure. Huku sokoni watu wanabanana vilevile, barakoa iko kidevuni inangojea polisi atokee juu ya ile faini ya elfu 20. Wanasiasa wamejaza viwanja mwaka mzima na bado wako. Nenda ukale jogoo wako.

NyarKisumu

Huyo wa juu mwache na soko lake. Ngoja nikuambie yetu.

Agosti tulikuwa na matanga Siaya, ya baba mdogo. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyoruhusiwa, nakubali, lakini mchana wote tulikuwa nje chini ya tenti na hata sanitaiza ilikuwepo getini. Kilichotumaliza ni usiku. Mvua ilinyesha tukakimbilia ndani wote, tukafunga madirisha, na si unajua matanga, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Haikuisha wiki mbili shangazi wawili wanakohoa na mmoja akawekwa oksijeni siku tisa. Yeye alirudi nyumbani, lakini mpaka leo akipanda kale kamlima ka kwenda kisimani lazima akae chini katikati. Kwa hivyo mtu akiniambia ati shida ni wingi wa watu tu namwambia hapana, shida ni nyumba ndogo iliyofungwa na watu wanaongea kwa sauti ndani yake masaa mengi. Hiyo sebule yenu ya dirisha moja ndio adui, si kuku.

Novemba tulienda tena kwa mama mkwe, mara hii tukiwa na akili. Tulifika saa nne asubuhi, viti vikawekwa chini ya mwembe, kila nyumba na mkeka wake, mama mkwe akawekewa kiti chake upande ule upepo unatokea. Mtu mmoja tu ndiye alipakua, na barakoa yake usoni. Ile tabia ya kupitisha beseni moja mpaka wa mwisho ananawa supu ya wenzake tuliiacha, tukafunga mtungi wa lita 20 wenye mfereji kwa mti na sabuni kwa kamba. Saa kumi tukaondoka, hakuna aliyelala. Mtu akitaka choo anazunguka nje, hapiti sebuleni. Mama mkwe alinuna kidogo mwanzo akasema tunamfanya kama mgonjwa, lakini wajukuu walipoanza kucheza mbele yake alisahau.

Na wazee wa huko kwenu wakileta ule mtungi wa busaa wenye mirija mingi, tafadhali, kila mtu na kikombe chake mwaka huu.

Nesi_wa_KK

Nafanya kazi ya afya kaunti moja huku Magharibi, sitaji wapi. FreeArea kuna mambo mawili hujaambiwa.

Kwanza, manesi na maafisa wa kliniki wako kwa mgomo tangu tarehe 7, na madaktari nao wanasema yao itaanza 21. Mimi mwenyewe niko nyumbani sahii naandika hii. Sasa jiulize, mama wa miaka 74 mwenye sukari akianza kuhema tarehe 30 mtampeleka wapi usiku, kafyu iko na hospitali ya serikali haina watu? Mtaanza kutafuta ya kulipa, na huko kabla hawajamgusa wanauliza depositi. Hii ndio ingenitisha mimi kuliko kitu kingine.

Pili, naona watu wanasema twende tupimwe kisha tukutane. Kupimwa si mbaya lakini usikifanye tikiti. Hivi virusi vinaweza kukaa ndani kimya hadi siku 14, wengi huanza kuumwa siku ya tano au ya sita hivi, kwa hivyo unaweza kupimwa Jumatatu uambiwe huna, halafu Alhamisi unamkumbatia mama ukiwa nazo. Kinachosaidia zaidi ni kutulia kabla. Leo ni tarehe 11, ukihesabu siku 14 unaangukia Krismasi yenyewe. Anayeweza kuanza leo kukaa mbali na watu, aanze. Huyo kijana wa bodingi hawezi kwa sababu anatoka shule 23, na kaka yako wa Nairobi kama anapanda matatu kila siku pia hawezi. Hao ndio wakae nje kabisa ama waje baadaye, na hakuna haja ya kugombana, ni hesabu tu.

Matatu pia muangalie. Nissan inatakiwa kubeba watu 8, lakini stejini ni 8 na ukifika Salgaa mko 14 na dirisha limefungwa ati mtoto anahisi baridi.

Mkulima_Lugari

Hapo kwa mgomo nimenyamaza. Sikuwa nimefikiria.

Lakini swali: kaka mkubwa asipokuja, ile firigisi ya kuku ya mwanaume mkubwa wa boma anakula nani?

FreeArea_Nax (13 Desemba)

Asanteni sana, NyarKisumu na Nesi Mungu awabariki. Mkulima hilo swali lako umelichokoza, limeleta kelele kwa grupu kuliko korona yenyewe.

Nilimpigia mama jana jioni. Sikuanza na ugonjwa, nilianza na kiti chake chini ya mparachichi na mtungi wa kunawa, nikamwambia wawili wa Kisumu watakuja 25 mchana na warudi siku hiyohiyo, mimi na mke wangu na wasichana tutakuja 26 kwa gari ya jirani, hatulali, kijana wa Form Four anabaki Nakuru kwa shemeji. Kaka na dada waje Januari mambo yakitulia. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza, "Na majogoo?" Nikamwambia wa kaka na wa dada wangoje. Akasema sawa, lakini chakula cha kuwalisha mpaka Januari atanunua nani, mahindi yamepanda. Kaka ametuma pesa ya mahindi leo asubuhi bila kuambiwa mara mbili, na akaandika kwa grupu kwamba firigisi yake isiguswe na mtu.

Sasa nimebaki na shida ya tenti, maanake jua la saa saba huko kwetu mparachichi mmoja hautoshi. Kuna mtu anajua wanakodisha pesa ngapi upande wa Mbale ama Chavakali, na viti kama kumi na tano hivi?

NyarKisumu

Msikodi tenti yenye kuta. Paa tu.