Naomba ushauri: ngiri na kuwekewa wavu

Mpambanaji wa Tandika: Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 41, nabeba mizigo Kariakoo. Nina ngiri ya kinena mwaka wa pili sasa. Nikilala inarudi, nikinyanyua gunia inatoka kama limao. Alhamisi napasuliwa, na daktari anataka kuniwekea wavu wa kuimarisha pale panapotokea ngiri. Naweza kumwomba anishone tu, bila wavu? Naogopa mwili usije ukaukataa.

Ukwaju: Pole mkuu. Una uhakika si busha? Mjomba wangu wa Mafia alizunguka kwa waganga miaka mingi akidhani ana ngiri, kumbe maji yanajaa tu.

Babu wa Feri: Kisu cha nini wakati mizizi ipo? Njoo pembeni tuzungumze.

Mtoto wa Mbale: Uganda waliwahi kulinganisha wavu wa kiwandani na wa chandarua uliotakaswa, wanaume 302, matokeo yakatoka 2016. Baada ya mwaka ngiri ilimrudia mmoja tu. Wavu hauna shida.

Dada Nesi: Kushona bila wavu kupo, ila ngiri hurudi zaidi, na wewe kazi yako ni magunia. Kwa nini unadhani mwili utaukataa? Una sukari? Kuna dawa unatumia?

Mpambanaji wa Tandika: Sukari sina. Dawa za kawaida tu.

Dada Nesi: Zipi, kaka?

Mpambanaji wa Tandika: Za CTC, kliniki ya VVU. Mwaka wa sita. Nimeziacha tangu Jumamosi, nikitoka wodini narudi. Msinihukumu. Shemeji yangu anafanya kazi wodi hiyohiyo, akiliona kopo mama mkwe atajua kabla sijazinduka. Daktari sijamwambia. Siku chache haziui mtu.

Binti Ilala: Wanaume! Aibu mnaipenda kuliko uhai.

Dada Nesi: Meza leo, usingoje wodini. Ukiacha, virusi vinaanza kuzaliana upya, wakati kidonda kinahitaji kinga yako. Wavu ni plastiki: wadudu wakijificha humo, dawa huwafikia kwa shida, na pengine mtu hupasuliwa tena uondolewe. Ila kama virusi vilishafubaa na CD4, yaani kipimo cha kinga ya mwili, iko vizuri, wenye VVU huwekewa wavu na hupona. Mwambie daktari mkiwa wawili, akague vipimo vyako. Operesheni ya kupangwa inaweza kusogezwa. Ila uvimbe ukigoma kurudi, ukauma na kutapika, hiyo ni dharura. Kimbia hospitali usiku huohuo.

Kamanda Mbagala: Hii chai, wakuu. Mwanzo mbeba magunia mwenye ngiri tu, mara CTC, mara shemeji wodini. Kila akibanwa anaongeza sukari.

Mpambanaji wa Tandika: Ndugu, ningetunga ningejipa ugonjwa wa kutajika mbele za watu. Mwanangu wa miaka mitatu ananiomba nimbebe, namwambia baba amechoka. Kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Kidonge nimemeza sasa hivi.

Kamanda Mbagala: Nisamehe, ndugu yangu.

Dada Nesi: Kadi ya CTC nenda nayo kesho. Usingoje Alhamisi.

Ukwaju: Kwa hiyo si busha?