Upepo unalia dirisha la dereva kuanzia spidi 90, gari ni la kifahari: nianzie wapi kabla sijabadilisha raba zote?

Mtulivu

Wakuu salaam.

Nina sedan ya kifahari niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Chapa siitaji kwa makusudi, maana najua uzi utahamia kwenye ubishi wa Mjerumani na Mjapani na shida yangu itabaki palepale.

Injini huisikii kabisa, matairi bado mapya, barabara ninayopita ni lami safi. Lakini nikigusa spidi 90 upepo unaanza kulia kwenye dirisha la dereva, juu huku karibu na sikio. Nikifika 120 aliyekaa nyuma ananiuliza "unasemaje?" kila ninapofungua mdomo. Upande wa abiria kimya. Siku ya upepo wa ubavuni ndiyo usiseme.

Gereji ya kwanza wameniambia gari likizeeka ni kawaida. Ya pili wanataka kubadilisha raba za milango yote minne, na hata barabarani hawajatoka nalo. Jamaa mwingine ananishauri nijaze mati za kuzuia sauti ndani ya mlango.

Historia yake: kioo kikubwa cha mbele kilishabadilishwa kabla halijafika kwangu, na mlango wa dereva ukiutazama vizuri juani unaona umewahi kupigwa rangi. Milango ina fremu, siyo ile ambayo kioo kinasimama chenyewe.

Nianzie wapi? Nawasilisha.

Kipanga

Nunua spika kubwa zaidi mkuu, tatizo kwisha.

Bawaba

Mpuuze huyo hapo juu. Mkuu, eleza sauti yenyewe ikoje, ndiyo nusu ya jibu. Kama ni mluzi mwembamba, tafuta upenyo mdogo sana au kitu chenye ukingo mkali kinachokatiza upepo: kipande cha raba kilichochomoza, urembo wa pembeni mwa kioo cha mbele ulionyanyuka, kifuniko cha saidi mira. Kama ni "shhhh" pana, hiyo ni hewa inayopita kwenye raba isiyokaza. Na kama ni mvumo mzito unaosukuma masikio, angalia dirisha la paa kabla hujagusa mlango.

Mwambie abiria, siyo wewe unayeendesha, akae kiti cha nyuma na akisukume kioo cha mlango wako kwa kiganja kuelekea nje mkiwa kwenye mwendo huo. Halafu aisukume fremu ya mlango kwa juu. Sauti ikibadilika, umeshajua eneo.

Mtulivu

Ni "shhhh", mluzi hamna. Nitalifanya hilo la kiganja.

MamaSpidi

Mimi nilinunua raba ya gundi, ile ya mita yenye tundu katikati, nikazungushia fremu ya mlango mzima. Kelele ikapungua sana. Haraka, na huhitaji fundi.

FundiVioo

Dada, imekusaidia na siwezi kukubishia masikio yako. Ila kwa huyu ndugu naomba asianzie hapo. Raba ya ziada inaufanya mlango uwe mgumu kufunga, watu wanaanza kuubamiza, na ikibandikwa pasipo pake inaziba njia ya maji ya mvua. Baya zaidi, ukiongeza unene upande mmoja wa fremu unaweza kuuinua mlango upande wa pili, ukawa umehamisha upenyo tu.

Sasa nikueleze kwa nini gereji nyingi wanalikosa tatizo hili. Gari likiwa limesimama, raba inakaza vizuri. Utabana karatasi mlangoni, ukiivuta inagoma, fundi atasema raba nzima. Barabarani mambo ni mengine. Upepo ukipinda kwenye ile nguzo ya pembeni mwa kioo cha mbele unaongeza kasi, na shinikizo la hewa pale nje ya dirisha linashuka chini ya lile la ndani. Kwa hiyo kioo na fremu ya juu ya mlango vinavutwa kwenda nje. Ni kidogo mno, lakini kwa raba iliyochoka hicho kidogo kinatosha kuiachanisha na bodi. Ndiyo maana kelele inasubiri spidi fulani ndipo itokee. Upepo wa ubavuni unaongeza mvuto huohuo kwenye ubavu wa pili, ule ambao upepo hauupigi moja kwa moja.

Dawa ya kutafuta ni teipu. Chukua teipu ya karatasi wanayotumia wapiga rangi, usichukue ya kahawia ya maboksi itakuachia gundi. Safisha na ukaushe, kisha ukiwa nje ziba mishono yote ya eneo hilo: mlango na paa, mlango na nguzo, kioo na raba yake pande zote, kile kipembetatu cha saidi mira, na ukingo wa kioo kikubwa cha mbele. Laza teipu vizuri kwa kidole, hasa ule ukingo unaotazama mbele, la sivyo teipu yenyewe itapiga mluzi na itakudanganya. Mlango huo ukiuziba, ingia kwa mlango mwingine, na hakikisha dereva hafungiwi ndani: mlango ukisukumwa, teipu iachie yenyewe. Teipu ya karatasi inaachia bila shida, lakini jaribu kwanza mkiwa mmesimama.

Nenda kipande kilekile cha barabara, spidi ileile, feni ya AC imezimwa, nenda na urudi ili upepo wa siku hiyo usikuchanganye. Kelele ikifa, anza kubandua, mshono mmoja mmoja. Ule utakaoubandua kelele ikarudi, ndio wenyewe. Raba moja, siyo milango minne.

Kipanga

Na kama kelele haijafa hata baada ya teipu yote?

FundiVioo

Basi hewa haipenyi, sauti inapita kwenye kioo chenyewe au inazalishwa na umbo la gari. Hapo unahama kwenye raba kabisa.

Raba_Kavu

Ninaongezea la spidi. Usilinganishe kelele ya 90 na ya 120 ukadhani kitu kimeharibika zaidi. Kwa upepo unaogonga vitu vigumu kama saidi mira, nguvu ya sauti inapanda takribani kwa kipeo cha sita cha kasi. Kutoka 90 hadi 120 ni kama desibeli 7 na nusu kwa hesabu hiyo, na sikio linazipata vilivyo. Ndiyo sababu ya kushikilia spidi moja kwenye majaribio yote.

Kuhusu mati za mlangoni: zile zinatuliza bati lisitetemeke. Zinafaa kwa spika na kwa mlio wa bati. Upepo unaopita juu ya fremu hauna habari na mati iliyo chini ya kioo.

MamaSpidi

Mimi siongezi neno, ila mlango wangu unafunga vizuri tu.

Bawaba

Kuna jambo dogo la kufanya nyumbani kabla ya teipu. Funga vioo na milango yote, weka feni ya hewa hadi mwisho, zima ule mzunguko wa hewa ya ndani ili ivute hewa ya nje. Ndani kutajaa shinikizo kidogo. Toka, funga mlango, pitisha mkono uliolowa maji taratibu kwenye mshono wa mlango na wa kioo. Pale penye upenyo utausikia ubaridi kwenye ngozi. Povu la sabuni nalo linaonyesha. Usishtuke ukikuta hewa nyingi inatokea nyuma karibu na bampa, magari yametengenezewa matundu ya kutolea hewa huko.

Haitakuonyesha upenyo unaofunguka kwenye mwendo pekee, lakini uliopo muda wote utauona bila kuchoma mafuta.

Mtulivu

Wakuu, mrejesho.

Mkono wa maji haukuonyesha kitu. Kiganja kilionyesha: rafiki yangu alipoisukuma fremu ya juu kuelekea nje, kelele ikazidi, alipoivuta ndani, ikapungua sana. Tukaingia kwenye teipu. Tukiwa tumeziba yote, ile "shhhh" ikapotea. Nikabandua kioo cha mbele, kimya. Kipembetatu cha saidi mira, kimya. Mshono wa mlango na paa upande wa mbele, kimya. Nilipobandua kona ya juu nyuma, pale fremu inapokutana na nguzo ya kati, ikarudi kama ilivyokuwa.

Nikaichunguza hiyo kona kwa tochi. Raba ya reli, ile ambayo kioo kinateleza ndani yake, imeungwa pembeni, na mdomo wake wa nje umekunjika kuelekea ndani. Ukiubonyeza kwa kucha unakaa sawa, ukiachia unarudi kujikunja. Na ukilinganisha na mlango wa nyuma, fremu ya mlango wa dereva imekaa nje kidogo, ukipitisha kidole unaisikia ngazi. Upande wa abiria hakuna ngazi hiyo.

Lakini hata teipu ikiwa imekamilika, bado upande wangu kuna mvumo wa chini kuliko ule wa abiria. Siyo wa kuudhi, ila upo.

FundiVioo

Hapo sasa. Mlango ulipigwa, ukanyooshwa, ukapakwa rangi, na haukurudishwa mahali pake. Raba ikabanwa vibaya wakati wa kurudisha kioo.

Mpangilio wa kazi ni huu: kwanza mlango, ndipo raba. Ukiweka raba mpya kwenye fremu iliyokaa nje, itachoka kama ya kwanza. Fundi bodi aanzie kwenye kile chuma cha umbo la U kilicho kwenye nguzo, ambacho loki inakikamata. Azungushie alama ya kalamu kabla hajalegeza boliti, kisha akiingize ndani kidogo, ajaribu, aongeze kidogo. Hicho kinavuta nyuma ya mlango. Kama fremu ya juu peke yake ndiyo imepinda, kuna kuisukuma, na hiyo ni kazi ya mtu mwenye mkono mtulivu. Akizidisha, rangi inapasuka kwenye kona na raba inabanwa hadi mlango unagoma.

Asifungue plastiki za nguzo kwa pupa. Magari ya daraja hilo yana eabegi za pazia (mifuko ya hewa inayofunguka kwenye ajali) juu ya milango, na betri inazimwa kwanza kwa utaratibu wa mtengenezaji.

Na ule mvumo uliobaki, nina wazo. Teremsha kioo chako hadi katikati, kitazame kwenye ukingo wa juu kwa tochi. Halafu fanya hivyohivyo upande wa abiria.

Mtulivu

Mkuu wewe ni mganga? Cha abiria kina mstari mwembamba katikati ya ukingo, kama vioo viwili vimegandishwa. Changu ni kipande kimoja.

FundiVioo

Kioo chako cha kiwandani kilivunjika kwenye ajali hiyohiyo, wakakuwekea cha kawaida. Kile chenye mstari ni vioo viwili na utando wa plastiki katikati, na kwenye magari ya kifahari utando huo mara nyingi umeundwa kumeza sauti. Cha kawaida kinapitisha sauti ya upepo zaidi hata kikiwa kimefunga sawasawa.

Raba_Kavu

Watu wa magari ya kifahari wamehangaika na ukimya miaka mingi. Mercedes S-Class W140 ya mwaka 1991 ilikuja na vioo vya pembeni vya tabaka mbili zilizoachana, na hewa katikati. Lexus LS 400 iliyotoka 1989 ilijijengea jina kwa utulivu. Halafu mtu anakuja kuweka kioo cha kawaida upande mmoja na kumwambia mteja gari limezeeka!

Mtulivu

Mlango umerudishwa ndani, ile ngazi haipo tena. Raba ya reli nimenunua ya upande mmoja tu, mpya. Ile "shhhh" imekwisha, hata upepo wa ubavuni naongea kwa sauti ya kawaida. Fundi alitaka kupaka grisi kwenye raba nikamzuia.

Kioo bado sijaamua. Kipya ni ghali, nafikiria kutafuta kilichotolewa kwenye gari lililovunjwa. Nikiangalie nini?

Bawaba

Umefanya vema kuzuia grisi. Raba nyingi za milango ni EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa kiwandani, na grisi zitokanazo na petroli zinaifanya ivimbe na kulegea. Osha kwa maji na sabuni laini, kausha, pitisha silikoni ya raba kwa kitambaa.

FundiVioo

Kwenye kioo cha kutoa kwenye gari jingine, angalia namba ya spea ilingane na ile ya kioo chenye tabaka kwa modeli yako, siyo modeli peke yake, kwani gari moja linaweza kutoka kiwandani na vioo vya aina zote mbili. Unene nao ulingane na ule wa upande wa abiria, la sivyo kitacheza ndani ya raba mpya uliyoiweka. Kikishafungwa, ifundishe upya mota yake mahali kioo kinapoishia: kwenye magari mengi unakipandisha hadi juu na kuendelea kushikilia kitufe sekunde kadhaa, ila fuata kitabu cha gari lako.

Na ujue kimoja: kioo cha tabaka hakimwagiki kwa kile kinyundo cha dharura kama cha kawaida. Kama unacho kinyundo garini, jua ni dirisha gani utalivunja.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akupigie picha ya ukingo wa juu wa kioo, akishikilia tochi. Ya nembo peke yake usiikubali.