Spika ikipimwa ikaonekana mbovu mnatuma wakili? Acheni kututishia nyau

Wakuu, heshima zenu.

Leo nimekuja na hasira, mtanivumilia. Kuna tabia imeota mizizi kwenye biashara ya vifaa vya muziki na inanikera kupita maelezo. Mtu anachukua spika, anaipima, anaandika alichokiona na alichokisikia. Kampuni badala ya kusema "hapa umekosea, vipimo vyetu hivi hapa", inaleta habari za mawakili. Futa, la sivyo tukutane mahakamani.

Mwanzoni mwa 2024 Tekton Design, kampuni ya spika ya jimbo la Utah kule Marekani, ilitishia hatua za kisheria dhidi ya wachambuzi wawili katika kipindi kifupi: tovuti ya Audio Science Review iliyopima spika iitwayo M-Lore, na Erin wa chaneli ya YouTube ya Erin's Audio Corner aliyepima spika yao nyingine, Troubadour. Hawa si wale wa "besi tamu, sauti imejaa" halafu chini wanakuwekea linki ya kununulia. Wote wawili wanatumia mashine ya Klippel ya Ujerumani. Spika inasimama katikati, mkono wa mashine unaizungushia maikrofoni juu, chini, mbele na nyuma, kisha kompyuta inakokotoa sauti inavyotoka kila upande bila mwangwi wa chumba kuingilia. Mwisho unapata mchoro, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, yaani kutoka besi nzito kabisa hadi sauti nyembamba kabisa. Mstari ukipanda ujue hapo spika inapiga kelele kuliko inavyotakiwa, ukishuka ujue hapo imemeza muziki. Na mchoro huo mwingine mwenye mashine kama hiyo anaweza kuurudia kesho akaona kama umedanganya. Sasa wewe mwenye kiwanda, uliyeisanifu hiyo spika kwa mikono yako, huna mchoro wako? Kama unao uweke tuulinganishe. Kama huna, miaka yote hiyo ulikuwa unauza nini?

Hatujatulia, Mei mwaka huohuo likaibuka la dCS ya Uingereza. Hawa wanatengeneza DAC, kile kifaa cha kugeuza muziki wa kidijitali uwe sauti ya kwenda kwenye amplifaya. DAC yao ya Bartók inazidi dola 10,000, yaani unanunua gari la IST na chenji unarudishiwa. Mchambuzi anayejulikana kama GoldenSound aliichambua 2021. Miaka mitatu baadaye ndiyo anajitokeza hadharani kueleza kwamba ametishiwa kushtakiwa kwa uchambuzi uleule. Watu wakawaka, kampuni ikaomba radhi hadharani. Radhi hiyo ingekuja kama jamaa angekaa kimya? Mimi siamini hata kidogo. Wangapi walipokea barua kama hiyo, wakafuta, na sisi hatujui hadi leo?

Mnaodhani haya yameletwa na YouTube, nawarudisha nyuma kidogo kwa Bose, kampuni ya spika ya Marekani.

Spika ya Bose 901 ilitoka 1968. Kila kasha lina spika ndogo tisa ndani: moja inatazama mbele, nane zinatazama ukutani. Dk. Amar Bose, profesa wa chuo cha MIT, alikuwa na hoja kwamba ukiwa ukumbini sauti nyingi inakufikia baada ya kugonga kuta, basi spika ya nyumbani nayo iugonge ukuta. Wazo zuri tu, sina ugomvi nalo. Mei 1970 jarida la Consumer Reports likaijaribu. Likaandika kwamba fidla ilisikika kama ina upana wa futi 10, piano imetanda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na kwamba ala zilielekea kutangatanga huku na huku chumbani. Jarida halikuiponda moja kwa moja, likashauri tu kwamba anayefikiria kuinunua asubiri kwanza hadi awe na uhakika kwamba itampendeza hata ule ugeni wake ukishaisha.

1971 Bose ikafungua kesi.

Sikilizeni kesi yenyewe ilikoangukia. Mhandisi wa jarida alipopanda kizimbani alieleza kwamba alimaanisha sauti zilikuwa zinatembea kwenye ukuta, kati ya spika moja na nyingine. Lakini jarida lilikuwa limeandika "chumbani". Jaji wa kwanza akasema huyu bwana ni msomi, hawezi kuwa hajui tofauti ya hayo mawili, kwa hiyo aliandika uongo huku akijua. Bose ikapewa fidia ya dola zipatazo 115,000. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu 1982. Ngoma ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 30 Aprili 1984 majaji sita dhidi ya watatu wakasema jarida halina hatia: kuchagua neno lisilokaa sawasawa ukiwa unajaribu kueleza sauti uliyoisikia si sawa na kudanganya kwa makusudi.

Miaka 14 tangu makala itoke! Majaji wa mahakama ya juu kabisa ya taifa kubwa wanakaa kujadili fidla ilitembea ukutani au chumbani. Na hao Consumers Union, wamiliki wa jarida, walikuwa taasisi yenye wasomaji wengi na mawakili wake. Walishinda, sawa, lakini mtu mmoja mwenye mashine gereji kwake angeimaliza hiyo miaka 14? Angeuza nyumba kabla hata shauri halijatajwa mara ya pili.

Hapo ndipo penye ujanja wote. Barua ya wakili haihitaji kushinda kitu mahakamani. Inahitaji kufika tu. Kuiandika kampuni haiumii, ni kazi ya mchana mmoja, lakini kuijibu vizuri wewe mpokeaji utatafuta wakili wako, utamlipa, na utakaa wiki kadhaa hulali vizuri. Mwenye busara atafuta. Kesho akiletewa spika nyingine ya kampuni hiyohiyo atasema niko bize. Sisi wanunuzi tutafungua tathmini kumi zote zinasifia, tutadhani bidhaa ni nzuri, kumbe waliosema vibaya walishanyamazishwa.

Na msisahau kwamba kampuni nyingi tayari zina rungu jingine, la kimyakimya: ukiandika vibaya, bidhaa mpya ya kuazima huletewi tena. Audio Science Review wamewashinda kuwadhibiti kwa sababu vifaa vingi wanavyopima vinatumwa na wenye navyo, watu walionunua kwa pesa zao. Huwezi kumnyima mtu kitu ambacho mteja wako mwenyewe ndiye anampelekea. Kwa hiyo kilichobaki ni vitisho.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Kuna fundi mmoja namfahamu hapa Dar, anatengeneza redio na sabufa, mtu wa kazi kwelikweli. Aliletewa sabufa ambayo kwenye boksi imeandikwa kwa maandishi ya dhahabu PMPO (eti nguvu ya kilele) wati 12,000. Akaigeuza. Nyuma, kwenye kile kibandiko kidogo karibu na waya wa umeme, kiwanda hichohicho kimeandika: 220-240V, 60W. Inakula wati 60, itatoaje 12,000? Soketi ya ukutani ya ampea 13 yenyewe inaishia kama wati 3,000 hivi, ukizidisha hapo fyuzi inakata. Fundi akapiga picha mbili tu, mbele na nyuma, akaweka kwenye status na maneno "someni wenyewe". Hakuongeza neno. Jioni muuzaji kampigia: futa, umeniharibia biashara, nitakufungulia kesi ya mtandao. Fundi ana familia, akafuta. Ile sabufa bado iko dukani na boksi lake la dhahabu.

Tena huyo muuzaji anajua anachokigusa. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaifanya taarifa ya uongo mtandaoni kuwa kosa la jinai. Picha ya kibandiko cha kiwanda si uongo, lakini mpaka ulieleze hilo polisi umeshalala huko. Wenzetu angalau wameanza kujikinga. Utah, haohao majirani wa Tekton, walipitisha sheria 2023 inayomruhusu anayeshtakiwa kwa kusema jambo lenye maslahi kwa umma aombe kesi itupwe mapema, na ikitupwa aliyeshtaki alipe gharama. Uingereza, kwa sheria ya 2013, kampuni haiwezi kukushtaki kwa kuichafua mpaka ionyeshe kwamba imepata au itapata hasara kubwa ya kifedha. Sisi, Tanzania na Kenya, kinga ya namna hiyo hatuna. Wabunge wetu wapo, wanajadili mambo yao.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini kusema wachambuzi nao wanakosea na wengine wanahongwa. Kweli kabisa. Anayehongwa kusifia kampuni inamlipa, haimtishi, kwa hiyo huyo si wa uzi huu. Anayekosea kipimo mwambie kosa liko wapi: maikrofoni uliiweka chini mno, kifaa ulicholetewa kilikuwa kimeharibika, tuletee tukupe kingine. Wapo watengenezaji wanaofanya hivyo, na wapo waliokubali kasoro wakairekebisha. Hao wanalala usingizi na mimi pesa yangu wataipata. Anayetunga uongo kwa makusudi huyo mshtaki, sina shida. Lakini "sijapenda mchoro wako" si kashfa.

Kwa upande wangu kampuni yoyote iliyotishia mchambuzi badala ya kumjibu, hata itoe spika ya kunifanya nilie, sinunui. Sabufa nayo, kabla hujatoa hela dukani, igeuze usome wati za nyuma, na muuzaji akikataa usiigeuze basi ameshakujibu.

Aliyewahi kupokea barua au simu ya namna hii kwa sababu ya kusema ukweli kuhusu bidhaa, aje aiweke hapa. Ficha jina lako na namba za simu, maneno yaache kama yalivyo. Na kama kuna mwanasheria humu, naomba atujibu hili moja: mtu akipiga picha kibandiko cha kiwanda akaiweka mtandaoni bila kuongeza neno, anaweza kushtakiwa kwa lipi hasa?